Tangu Kichomi (1974), nani tena ametikisa fasihi ya Kiswahili? Ubunifu umehamia wapi?

#1 Mwl_Kibena
Wakuu, salaam. Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita. Kila nikifika kwenye mada ya mgogoro wa ushairi, kuna mwanafunzi ataniuliza: "Mwalimu, na siku hizi wanabishania nini?" Sina jibu la kumpa.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, kitabu cha mashairi. Vina hakuna, mizani (hesabu ya silabi) hakuna, mshororo mmoja una maneno mawili na unaofuata una tisa. Wazee wa ushairi wakaja juu. Watu walibishana miaka na miaka kama ule ni ushairi au ni nathari iliyokatwakatwa. Bado mwaka 1986 mshairi Mayoka alikuwa anatoa kitabu chenye jina hilohilo la mgogoro wa ushairi. Yaani zaidi ya miaka kumi watu hawajapoa!

Dai langu ni hili: tangu pale hakuna kitabu cha Kiswahili kilichowakosesha watu usingizi namna ile. Waliovumbua kitu katika nusu karne hii wako kwenye muziki na uchoraji. Waandishi tunarudia yaleyale. Kwa nini? Leteni hoja.

#2 Mzee_Mizani
Mwalimu, umeanza vibaya. Kichomi hakikuvumbua, kilibomoa.

Shairi la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), kina cha kati na kina cha mwisho. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria hizi mwaka 1954 ili wanaokuja wapate pa kushika. Ukiziondoa, kila mwenye kalamu ni malenga.

Mimi nimetunga tangu ujana, na mashairi yangu yamesomwa redioni. Kina cha kati kinaweza kukukesha. Unalo neno unalolitaka, lakini halikai. Unatafuta lingine, halikai. Alfajiri linakuja neno ambalo hukulifikiria kabisa, na ndilo linalobeba shairi zima. Huyo asiyebanwa na kitu atalipata wapi neno hilo?

#3 Mkerewe77
Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe.

Kezilahabi kazaliwa Namagondo, Ukerewe. Mimi ni wa kisiwa hichohicho. Nyimbo nilizokua nazisikia, za kasia, za jembe, za msiba, hazina kina cha kati wala cha mwisho. Zina mapigo, zina kiitikio, zina picha. Mtu akitoka huko akaambiwa kwamba bila vina si ushairi, maana yake bibi yake hakuwahi kuimba kitu. Wataalamu Mulokozi na Kahigi walilisema hili vizuri: vina na mizani ni sehemu moja ya ushairi wetu, si ushairi wote. Na tazama jina walilokipa kitabu chao cha mwaka 1976, Malenga wa Bara. Bara, si pwani!

Kwa hiyo kwangu mimi Kichomi ni mtu aliyeleta cha nyumbani mezani. Hata kwenye utangulizi anasema anataka lugha ya mazungumzo ya kila siku. Wapo waliosoma hapo wakaona uzungu tu.

#4 Kijukuu_wa_Muyaka
Masahihisho mawili, kisha niwaache muendelee.

Moja: Kezilahabi si wa kwanza. Ebrahim Hussein alikuwa ameshaandika mashairi yasiyo na vina kabla ya Kichomi. Tafuteni shairi lake Ngoma na Vailini. Alichofanya Kezilahabi ni kutoa diwani nzima.

Mbili, hii ni yako mzee wa mizani: hiyo tarbia unayoilinda nayo ilikuwa ngeni siku moja. Tungo kongwe tulizonazo nyingi ni tenzi, na nyingi ni za dini na vita vya dini. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Aliyelichukua shairi la mishororo minne minne akaliingiza katika siasa za Mvita (Mombasa) na Lamu, mapenzi, ukata, fitina za mji, ni Muyaka bin Haji, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840. Wataalamu wanasema alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Sidhani kama kila mtu alimpigia makofi.

#5 Mzee_Mizani
Marahaba Mkerewe. Na wewe wa Mvita, karibu.

Kulipeleka shairi sokoni si sawa na kulivua nguo. Muyaka alibadilisha mambo ya kusemwa, umbo akaliheshimu. Mimi sijakataa upya wa mambo. Mfano wangu ni wa hukohuko kwenu: Abdilatif Abdalla. Kafungwa mwaka 1969 mpaka 1972 kwa ajili ya karatasi yake ya siasa, "Kenya: Twendapi?", akawa anatunga kwa siri gerezani kwenye karatasi za chooni. Ikatoka Sauti ya Dhiki, 1973, mwaka mmoja kabla ya hicho Kichomi. Kila kitu kwa vina na mizani, Kimvita cha ndani kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa ni wa zamani. Mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la rais yuleyule aliyetawala alipofungwa! Mnataka kutikisa? Kutikisa ndiko huko.

#6 BintiNgambo
Assalaam alaykum. Naona mmezama kwenye mizani, nirudi kwenye swali la maalim: kwa nini muziki?

Mimi ni wa Unguja, na kwetu jibu lipo tangu zamani. Taarab ilikuwa ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyeingia mjini akiuza vyungu, akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 akasafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri. Aliimba kesi za mahakamani, wanawake waliodhulumiwa, matajiri waliopindisha haki. Watu wa Ng'ambo, upande wa makabwela wa mji wetu, wakajisikia ndani ya santuri.

Upya ukija na sauti, asiyejua kusoma naye anaupata siku hiyohiyo. Kitabu kinasubiri mtu apelekwe shule kwanza. Kwangu mimi sababu kubwa ni hiyo, na wala si aibu ya waandishi.

#7 Tandale_Biti
Nimeusoma uzi wote kwa simu nikiwa studio, asanteni wakubwa.

Mimi natengeneza singeli, muziki wa kasi wa uswahilini Dar. Niwaambie inavyokwenda. Unachukua kipande cha kinanda cha taarab, sekunde chache tu, unakizungusha, halafu unasukuma spidi. Biti ya kawaida ya Bongo Fleva inatembea mapigo 90 au 100 kwa dakika. Sisi tunapita 200. Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, feni inawashwa juu yake isizime. MC anaingia chumbani, anachana mara moja bila kuandika, anataja watu wa mtaa, vigodoro (ngoma za kukesha), kodi ya nyumba, mke wa jirani. Jioni wimbo uko kwenye simu za bodaboda.

Mnajua kwa nini iliwezekana? Hakuna mtu wa kumwomba ruhusa. Redio zilitukataa miaka mingi, wakasema kelele za wahuni. Hatukusubiri. Na Tingatinga ni hivyohivyo, yule mchoraji wa Mtwara, alipaka rangi zake barazani bila kuuliza mtu. Nyie waandishi mna watu wangapi wa kuwaomba ruhusa?

#8 Nairobi_Mswada
Tandale_Biti, umegusa kidonda. Nijibu kutoka huku Kenya.

Mswada wangu ulikuwa wa riwaya, sura moja nzima ni barua zisizojibiwa, nyingine ni mazungumzo bila msimulizi. Mchapishaji mmoja hapa alinipokea vizuri, akanipa chai. Halafu akaniuliza maswali matatu: wahusika wakuu ni wangapi, maudhui yanaorodheshwa vipi, na mwalimu atatunga maswali gani. Akaniomba nitoe sura ya barua na kuongeza maswali ya marudio mwisho wa kitabu. Sikumchukia. Ana wafanyakazi wa kulipa, na soko lake ni moja: kitabu kiteuliwe kuwa fasihi ya lazima shuleni. Kikiteuliwa, kila mtahiniwa anakihitaji. Kisipoteuliwa, kinalala stoo.

Lakini mwalimu Kibena, dai lako ni kubwa mno. Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995. Wamitila alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Said Ahmed Mohamed amegeuza riwaya zake kabisa katika miaka hiyohiyo. Kithaka wa Mberia anazipanga herufi kwenye ukurasa mpaka shairi linaonekana kabla hujalisoma. Uvumbuzi upo. Kilichokosekana ni watu wa kuugombania.

#9 Mwl_Kibena
Nairobi_Mswada, umenisaidia kulisema ninalolitaka. Nilichokuwa nadai ni kutikisa, na wa kutikiswa ni wasomaji.

Kezilahabi mwenyewe ni ushahidi. Kila mtu anamjua kwa Rosa Mistika, kitabu cha 1971 ambacho shule zilikizuia kwa muda, kwa hiyo wanafunzi wakakisoma kwa kujificha. Halafu akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Vitabu vyembamba, unavimaliza Jumamosi moja. Ndani yake wakati hauendi mbele, watu hawana majina ya kawaida, hujui uko duniani au kuzimu. Kwangu ni hatua kubwa kuliko Kichomi. Nani aliwahi kuja juu? Magazeti gani yaliwaka moto?

Niliwasomea wanafunzi wangu kurasa za kwanza za Mzingile, nje ya mtaala, baada ya saa za masomo. Mmoja akauliza hadithi inaanzia wapi. Mwingine, binti asiyeongea darasani kabisa, akaniomba kitabu akakae nacho. Alikirudisha na daftari limejaa maswali. Hakuna hata moja ninaloweza kulisahihisha kwa alama. Tangu siku hiyo siwezi kukubali kwamba watoto hawataki vitu vigumu. Tunawapa orodha ya dhamira wakariri, basi.

#10 Meza_ya_Vitabu
Mimi muuzaji, Kariakoo. Mwalimu, sikatai maneno yako, ila njoo usimame mezani kwangu uone. Januari wanauliza vitabu vya shule. Ramadhani na Kwaresma, vya dini. Katikati ya mwaka, vya biashara na namna ya kupata mtaji. Riwaya wanaulizia za Musiba na Mtobwa, na nyingi zinazozunguka mtaani ni nakala za mashine, mwandishi wala familia yake hawapati shilingi.

Mzazi akiwa na elfu kumi, ananunua kitabu chenye mtihani. Mtu hawezi kubishania kitabu ambacho hakuweza kukinunua. Ndiyo sababu yangu mimi, na siioni kwenye hoja zenu zote.

#11 Itaendelea_Kesho
Meza_ya_Vitabu, wanunuzi wapo, ila wamehama mezani kwako. Wako kwangu!

Mimi naandika riwaya kwenye makundi ya WhatsApp. Sehemu za mwanzo bure, zinazofuata unatuma hela kwa simu unaingizwa kundi la ndani. Natuma saa tatu usiku, watoto wakiwa wamelala. Ifikapo saa tatu na robo nimeshatukanwa kwa sababu nimemuua mtu waliyempenda. Kuna mama mmoja, msusi, aliniandikia kwamba shangazi wa kwenye hadithi hawezi kuongea vile, shangazi wa Kizaramo anaongea hivi. Nikabadilisha sehemu iliyofuata. Hadithi ile ilikuwa bora kuliko nilivyoipanga.

Mtasema hiyo ni fasihi pendwa. Sawa. Mohammed Said Abdulla naye alipomleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, riwaya ya upelelezi ilikuwa kitu kigeni kwa Kiswahili, na leo kila mtu anamheshimu. Mnaangalia maktaba, jambo linatokea kwenye simu.

Kinachoniumiza ni kimoja: kuna mtu ndani ya kundi anakusanya sehemu zote, anaziweka kwenye PDF, anaisambaza bure. Jina langu ameliondoa.

#12 Mkerewe77
Pole sana, Itaendelea_Kesho. Lakini niulize kwa nia njema: msomaji akikuongoza kila usiku, utawahi kuandika kitu asichokitaka? Nagona isingeandikwa WhatsApp. Wangemtoa kundini siku ya pili.

#13 Itaendelea_Kesho
Labda. Na labda wangembishia mpaka asubuhi, ambacho ndicho mwalimu analilia tangu post ya kwanza.

#14 Rangi_ya_Baiskeli
Nimsahihishe Tandale_Biti. Edward Saidi Tingatinga kazaliwa Tunduru, si Mtwara. Alifanya kazi kwenye mkonge Tanga kabla ya kuja Dar. Alianza kuchora kiasi cha mwaka 1968, akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu!

Mimi ni mchoraji, nimejifunza kwa waliojifunza kwa waliojifunza kwake, kwa hiyo hili linanihusu. Alichukua ubao wa dari, akaukata mraba, akatumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani na bei yake aliiweza. Rangi ile haichanganyiki laini, ndiyo maana mnaona mipaka mikali na vidoti. Umaskini wa vifaa ulizaa mtindo.

Sasa sehemu ambayo hamjaigusa. Wateja walipenda, hasa watalii pale Oysterbay. Tukaendelea kuchora tembo yuleyule, twiga yuleyule, Kilimanjaro nyuma. Nikileta picha ya kituo cha daladala, inakaa. Nikileta twiga, inaondoka mchana huohuo. Singeli nayo iangalie, redio zilipoikubali, nyimbo ngapi sasa zinafanana? Muziki na uchoraji hauna kinga dhidi ya kurudia. Tofauti yetu na waandishi ni kwamba sisi tunarudia kwa sababu tunauza.

#15 Tandale_Biti
Asante kwa sahihisho la Tunduru, mkuu. Kwenye singeli umenibana, ila si kote. Njoo Mburahati usiku nikusikilizishe vitu ambavyo redio hawatavipiga kamwe.

#16 Mama_Leso
Hodi humu. Nimehesabu majina mliyoyataja, mwanamke ni Siti peke yake. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na mpaka leo mabibi wanaukumbuka kwa moyo. Hakupata hata mstari mmoja humu.

Mimi nauza leso, yaani khanga, Biashara Street hapa Mombasa. Leso ina pindo, ina mji (sehemu ya katikati), na ina jina. Jina lina maneno machache, herufi kubwa, na lazima liseme jambo ambalo mwenye kuvaa hawezi kulitamka mdomoni. Mteja anasimama mbele yangu anazisoma moja moja, anacheka, anakasirika, anachagua ile atakayoivaa mbele ya wifi yake. Majina mapya yanaingia kila msimu. Yanayokaa yanakaa, yasiyofaa tunayapunguza bei. Hakuna aliyemwita mtunzi wake mshairi, wala jina lake halijulikani.

Kwa hiyo mimi nasema hamkukosa ubunifu. Mmekosa kuuangalia unakovaliwa.

#17 Nairobi_Mswada
Bi Leso, nimenyamazishwa.

Niongeze sababu nyingine ambayo watu wanaiogopa. Wenye vipaji wengi wanaandika Kiingereza. Abdulrazak Gurnah ni Mzanzibari, alipata Nobel ya fasihi mwaka 2021, na riwaya yake Paradise ilisubiri mpaka 2022 kusomeka kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tunasherehekea, ni haki yetu, lakini tujiulize kijana anayeanza leo anaona njia ipi ina mwanga. Ndiyo maana tuzo ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa 2014, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere kule Tanzania, naziona muhimu. Zinalipa mswada wa Kiswahili hata usipokuwa kwenye orodha ya shule.

#18 Mkerewe77
Tuzo ni nzuri, ila majaji nao wana ladha zao. Tukianza kuandikia majaji tutakuwa tumebadilisha mwajiri tu.

#19 Mistari_Mizito
Mimi ni wa rap. Mzee wa mizani, nina habari yako njema. Vina vya kati mnavyodhani vimekufa, sisi tunavyo. Chukua mchanaji yeyote mzuri wa Kiswahili, hesabu: anakipiga kina katikati ya mstari na mwisho, mara nyingine mara nne kwenye mstari mmoja, na anapumua kwa mizani ya biti. Hakuna aliyetufundisha sheria za mwaka 1954. Tuliogopa kuchekwa na wenzetu mtaani, basi. Kina kikianguka wanakuzomea hapohapo.

Kwa hiyo kwenye ule ugomvi wa miaka ya 70, vitabuni walishinda wa ushairi huru, mtaani mkashinda nyie. Mbona hamkuja kuchukua ushindi wenu?

#20 Mzee_Mizani
Kijana, umenifanya nisimame nikatembea uani kidogo. Mjukuu wangu amenisikilizisha usiku huu. Maneno mengine siyapendi, lakini vina nimevisikia. Vimo. Nimetunga ubeti hapahapa, naomba mpokee:

Kalamu sikuja nayo, shuleni niliipata,
Mambo mengi yapitayo, mitaani hunikuta,
Bahari niijuayo, ndiyo ninayoifuata,
Na mpya waitungayo, nisikiapo nasita.

#21 BintiNgambo
Mashaallah mzee. Hiyo "nasita" ni nzuri sana, hukukataa wala hukukubali.

#22 Kijukuu_wa_Muyaka
Ubeti umekaa, ila mshororo wa tatu, utao una mizani tisa. Ndi-yo-ni-na-yo-i-fu-a-ta. Hesabuni wenyewe.

#23 Mkerewe77
Mzee wetu karibu kwenye ushairi huru!

#24 Mzee_Mizani
Mkerewe, nyamaza. Ukiimba kwa sauti, "fua" inakwenda pamoja. Jaribu.

#25 Mistari_Mizito
Nimejaribu juu ya biti, inakaa mzee. Inateleza lakini inakaa.

#26 Kijukuu_wa_Muyaka
Kwenye karatasi haikai. Andika "ninayoifata", kama tunavyotamka huku pwani, utapata nane kamili na kina hakitaharibika. Inkisari inaruhusiwa.

#27 Mzee_Mizani
Nimeandika. Sasa na wewe lete wako, na mwalimu Kibena alete wa wanafunzi wake. Yule binti mwenye daftari la maswali nataka nimsome yeye kwanza, wa vina au usio na vina.